Mti Ulio Mbele ya Dirisha

Wako wasemao ya kwamba mgonjwa ahitaji dawa na maombi tu, na miti iliyo nje ya hospitali ni pambo, yafaa ikatwe pakitakiwa nafasi. Mimi nakataa, na sababu yangu ni hii.

Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, Roger Ulrich, alitangaza habari za wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania, waliopasuliwa kutolewa kibofu cha nyongo kati ya mwaka 1972 na 1981. Nusu yao dirisha lao lilielekea miti. Nusu, ukuta wa matofali. Waliotazama miti walirudi kwao mapema, yapata robo tatu ya siku, tena walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache. Tofauti si kubwa, wala hakuna aliyeponywa na jani.

Lakini fikirini: ikiwa kutazama tu kwaweza kumpunguzia mtu maumivu, je, amwekeaye jirani ukuta mbele ya macho hamnyimi kitu? Twajua ya kuwa kumnyima mwenye njaa mkate ni dhambi, kivuli hatukihesabu. Eliya alipochoka hata akaomba kufa, alilala chini ya mretemu, ndipo malaika akamjia na chakula. (Na mretemu una kivuli haba!)

Basi wazee wa usharika wakitaka kukata miti ya zahanati, na waingie kwanza wodini, waketi kitandani pa mgonjwa, watazame dirishani.