Je, Msiba wa Watu Waweza Kutiwa Katika Ratiba ya Matembezi?

Mtu mwenye gari na siku nne za likizo hufungua ramani, akashika kalamu, akaanza kuhesabu. Tuseme yuko Kampala naye ataka kufika Kigali na kurudi. Njia yenyewe yajulikana: Masaka, Mbarara, Kabale, mpaka wa Katuna, kisha Kigali, ni kilomita 500 na ushei kwa kwenda tu. Barabara yameza karibu siku mbili nzima, na zilizobaki ndizo za kutazama. Hapo sharti agawe saa: mahali hapa saa moja, pale nusu saa, kwingine apite tu. Wengi huiona kazi hiyo kuwa ya kalamu na karatasi. Mimi naiona kuwa ni suala la maadili, kwa sababu mwenye kugawa saa anakadiria pia kila mahali pastahili nini.

Lugha yetu yaweza kutusaidia kidogo. Neno kutalii leo lina harufu ya kamera na hoteli, lakini shina lake la Kiarabu ndilo lile lile lililotupa mutalaa, yaani kusoma kwa makini. Neno kuzuru nalo lina uzito wake. Watu huzuru makaburi, huzuru wazee na wagonjwa. Hakuna asemaye kwamba amezuru duka la sukari. Basi msafiri wetu anapoandika kwamba siku ya pili atatazama hiki na hiki, yafaa ajiulize kama kitenzi alichokitumia chafaa kwa yote aliyoyaorodhesha.

Kwa baadhi ya mahali chafaa kabisa. Kule Kayabwe, kabla ya kufika Masaka, barabara yakata mstari wa ikweta. Watu husimama, hupiga picha, nao vijana wa hapo huwaonyesha maji yanayozunguka huku upande huu wa mstari na kule upande mwingine, yote katika mabeseni yaliyotengana kwa hatua chache. Kwa elimu ya fizikia, mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuyageuza maji ya beseni kwa umbali mdogo namna ile. Ni ustadi wa mkono wa mmiminaji. Lakini hakuna anayeumia. Mgeni hucheka, kijana hupata chochote, safari huendelea. Dakika 15 zatosha, na wala si utovu wa adabu kuondoka upesi.

Mambo hubadilika tufikapo ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale. Ziwa hili lenye visiwa 29 ni zuri mno, nalo laweza kumfanya mtu asahau alichokijia. Katika visiwa hivyo kimo kimoja kidogo, cha nyasi na miti michache, kiitwacho Akampene. Zamani, hadi karne ya 20, baadhi ya Wakiga walimpeleka huko msichana aliyeshika mimba kabla ya kuolewa, wakamwacha. Wengi hawakujua kuogelea. Alikufa kwa njaa, au kwa baridi, au kwa maji. Ama alichukuliwa na mwanamume maskini asiyekuwa na mahari, kwa kuwa msichana wa kisiwani hakutozwa kitu. Siku hizi mwenye mashua hukinyoshea kidole, akaeleza kwa maneno machache, abiria wakapiga picha, mashua ikageuka kuelekea chakula cha mchana. Hapo ndipo nisipopendezwa. Wasichana wale waliwekwa pale ili wasionekane tena. Sisi twawaona kwa dakika tatu, na twadhani tumewatendea haki.

Huko Nyamata, kusini ya Kigali, wenyeji wenyewe wamepanga namna ya kupokewa kwa mgeni. Kanisa ambalo watu walilikimbilia mwezi Aprili 1994, wakauawa humo kwa maelfu, limekuwa mahali pa kumbukumbu, na nguo za marehemu zililazwa juu ya mabenchi. Nje yake amezikwa Antonia Locatelli, Mwitaliano aliyeuawa mwaka 1992 baada ya kuvieleza vyombo vya habari vya nje habari za mauaji yaliyokuwa yameanza Bugesera. Mwaka 2023 Nyamata, pamoja na Murambi, Gisozi na Bisesero, iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mgeni anatakiwa aje. Milango imefunguliwa kwa ajili yake. Basi swali la kwenda au kutokwenda limekwisha jibiwa na wenye msiba. Linalobaki ni la mpangilio: je, ni halali Nyamata kuwa saa nne asubuhi, na soko la vikapu kuwa saa nane?

Mwalimu mwenzangu mmoja hupinga wasiwasi huu. Husema kwamba Wanyarwanda wenyewe hupita mbele ya mahali hapo kila siku, wakaenda sokoni, wakacheka, wakaoa. Maisha hayakusimama, na mgeni anayejifanya kuhuzunika kuliko wafiwa ni mnafiki. Hoja hii ni nzito. Hata hivyo, mfiwa aendaye sokoni anao msiba wake ndani yake, hauachi mlangoni. Mgeni hana kitu ila saa alizotoa. Twasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu atapona kwa lipi, ikiwa mgeni anatazama saa yake ya mkononi?

Kwa hiyo ningeshauri siku ya Nyamata isiwe na jambo jingine baada yake, hata ikibidi kuliacha soko. Kule Bunyonyi ningemwomba mwenye mashua azime injini karibu na Akampene, asimulie taratibu na kwa lugha yake, mmoja wetu akitafsiri. Anayesafiri mwezi Aprili ajue pia kwamba wiki ianzayo tarehe 7 ni ya maombolezo nchini Rwanda, na starehe nyingi husimamishwa. Siku ya nne ni ya barabara tu. Dereva aanze mapema, na avukapo Katuna akumbuke kurudi upande wa kushoto.