Moyo Ukisimama, Je, Saa ya Mtu Imefika?



Nataka tuulizane swali moja. Mtu akianguka ghafula na moyo wake ukasimama, je, tuseme Mungu amemwita, nasi tuinamishe vichwa? Je, kumkandamiza kifua ili arudi ni kushindana na Mungu?

Nauliza kwa sababu jambo hilo lilinipata. Katika kesha moja ya maombi, mama mmoja wa kwaya alianguka katikati ya wimbo. Nilikuwa karibu naye. Ngoma zilinyamaza, watu wakaanza kuomba kwa sauti kubwa. Mmoja akasema, "Msimguse, Roho anafanya kazi." Mimi nilikuwa nimekwisha kuonyeshwa na muuguzi namna ya kumsaidia mtu wa hivyo. Lakini yule alikuwa mke wa mtu, tena amevaa kanzu nyeupe ya ibada, nikaogopa kumgusa kifuani mbele ya watu. Nikapiga magoti kama wengine. Tulipomweka kwenye kipoyi, uhai haukuwamo tena. Sisemi kwamba angepona. Nasema sikujaribu, na woga wangu niliuita imani.

Waganga wanatufundisha kwamba moyo kusimama na mtu kufa kabisa si jambo moja. Damu ndiyo inayopeleka oksijeni kwenye ubongo. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne au tano hivi. Kabla ya hapo mlango ungali wazi kidogo. Mwaka 1960, huko Baltimore, Marekani, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker walionyesha kwamba mikono miwili ikikandamiza kifua inaweza kuendesha damu wakati moyo wenyewe umesimama.

Siku hizi wenye uwezo wamekwenda mbali zaidi. Iko mashini inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Mipira miwili huingizwa katika mishipa mikubwa. Damu hutoka, hupewa oksijeni ndani ya mashini, kisha husukumwa tena mwilini, na waganga hupata nafasi ya kutafuta ugonjwa wenyewe. Muganga John Gibbon alifaulu kutumia mashini ya namna hiyo katika upasuaji wa moyo mwaka 1953. Sasa hospitali kubwa kadhaa huitumia hata kwa mtu aliyeletwa moyo umesimama.

Lakini tusiifanye mashini kuwa mungu. Mwaka 2020, huko Minneapolis, Marekani, ilitangazwa kwamba kati ya wagonjwa 14 waliowekewa mashini, 6 walitoka hospitali wakiwa hai. Kati ya 15 waliotunzwa kwa njia ya kawaida, alitoka 1. Mwaka 2023 waganga wa Uholanzi walitangaza majaribio yao: 20 kwa mia walikuwa hai na akili nzuri baada ya mwezi mmoja, na bila mashini 16 kwa mia. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo, haikutosha kuthibitisha kitu. Na wagonjwa hao wa Uholanzi walikuwa watu walioonekana wakianguka, na mtu wa karibu akaanza kuwakandamiza kifua. Hata kwa tajiri, mkono wa jirani ndio unaotangulia.

Wengine watasema, "Siku za mtu zimehesabiwa na Mungu." Ni kweli. Lakini ni nani aliyetuonyesha hesabu hiyo? Someni 2 Wafalme sura ya 4. Gehazi aliweka fimbo ya nabii juu ya uso wa mtoto, wala haikuwa sauti. Elisha alipofika alifunga mlango, akaomba, kisha akajilaza juu ya mtoto, kinywa juu ya kinywa, mikono juu ya mikono. Nabii hakuchagua kati ya sala na mikono. Tena hakuogopa kuugusa mwili ule.

Kuna jambo lingine linaloniumiza. Koltani ya Rubaya, hapa kwetu Masisi, hutoa tantali, na tantali hutiwa katika vyombo vya umeme, hata vile vidogo vinavyowekwa kifuani kusaidia moyo. Udongo wetu unasaidia mioyo ya mbali, huku mgonjwa wetu akibebwa katika matope kutafuta oksijeni tu. Mashini ile kubwa yataka umeme usiokatika, damu ya kuongeza, na wauguzi wengi usiku na mchana. Kuililia leo si kazi yetu ya kwanza. Kudai njia, umeme na oksijeni katika hospitali zetu ni haki yetu, wala si kukosa imani.

Tena kuna upande wa pili. Mashini yaweza kuendesha damu katika mwili ambao ubongo wake umekwisha kufa. Hapo waganga wenyewe hulazimika kusema, basi. Nasi pia, tukisha kujaribu na mtu hakurudi, tusimweke nyumbani siku nyingi tukiwaambia wafiwa kwamba imani yao ni ndogo. Huo ni mzigo ambao Bwana hakuuweka juu yao. Tulie nao, tumzike ndugu yetu kwa heshima.

Kwa hiyo naomba wazee, mashemasi na mama wa kwaya wamwite muuguzi wa karibu baada ya ibada, atufundishe. Mtu asiyeitika wala kupumua vizuri alazwe chali mahali pagumu. Weka kiganja katikati ya kifua, mkono mwingine juu yake, kandamiza kwa nguvu kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kiinuke kila mara. Ukichoka, mwingine apokee. Wengine waendelee kuomba, na vijana watafute kipoyi. Awe mwanamume au mwanamke, yule aliye karibu aanze. Mume wa yule mama aliniambia baadaye kwamba asingeona haya, angenishukuru. Neno hilo ninalo mpaka leo.

Bwana awabariki. Amina.

Shemasi wenu