Mnyama Aliyeachwa na Mpangaji

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa wenye kusema na wasiosema, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Enyi ndugu zetu Waislamu wenye nyumba za kupangisha, Magomeni na Mwananyamala, Temeke na Mbagala, risala hii twawaandikia nyinyi hasa. Twazijua dhiki zenu. Mpangaji hulipa kodi ya miezi sita mbele, kisha muda ukiisha hukaa mwezi na wa pili na wa tatu pasina kutoa kitu, na mwenye nyumba ana watoto waingojeao kodi hiyo. Kumtaka atoke kwa njia ya haki si dhulma. Maneno yetu ni juu ya vile aviachavyo uani akiisha kutoka: kuku katika tundu, njiwa juu ya paa, mbuzi aliyefungwa kamba chini ya mwembe, paka aliyezaa nyuma ya choo.

Mtu atolewaye kwa ghafla hubeba godoro na masufuria na watoto. Mnyama humwachia Mungu. Na mwenye nyumba naye husema, "Si wangu, hanihusu," akatia kufuli mlangoni akaenda zake. Hapa ndipo penye hatari. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa khabari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Hakumpiga wala hakumchoma. Alimfungia, asimlishe, wala asimwachie akajitafutia wadudu wa ardhini. Basi mwenye ufunguo ndiye mwenye kuulizwa. Kabla hujatia kufuli, yakupasa uingie, utazame kila chumba, na uvunguni, na darini, na kila tundu, ujue ni nini unachokifungia.

Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaj ya kuwa mwenye mnyama ni wajibu kumlisha na kumnywesha. Akikataa hulazimishwa: kama ni mnyama wa kuliwa, amlishe au amuuze au amchinje, kama si wa kuliwa, amlishe au amuuze, na akishikilia kukataa, hakimu hufanya lile aonalo ni jema. Kisha papo hapo akasema kuwa nyumba, kwa kuwa haina roho, mwenyewe halazimishwi kuitengeneza. Fahamuni hayo, enyi wenye nyumba. Ukuta wako ukimomonyoka hulazimishwi kuujenga (ingawa mpangaji naye ana khiyari ya kuvunja mkataba wake), lakini kuku mmoja ndani ya ukuta huo ana haki ya kushiba.

Mtasema: maneno haya ni ya mwenye mali, na sisi mali si yetu. Ni kweli, na ndiyo sababu jambo lenyewe ni zito zaidi. Kutoka kwa mpangaji katika chumba hakumtoi katika umiliki wake. Mnyama yule yu mikononi mwako kwa amana ya sharia, mfano wa nguo iliyopeperushwa na upepo ikaangukia uani mwako: hukuiomba, walakini ni juu yako kumjulisha mwenyewe. Na leo kumjulisha mtu ni kupiga simu tu. Tena nguo haili. Kuku hula kila siku.

Wanavyuoni wetu wa Kishafii waliijadili mas-ala iliyo karibu mno na hii. Mtu amekodisha ngamia wake, kisha akakimbia, akawaacha kwa yule aliyewakodi. Hukumu yake ni kwenda kwa kadhi, ngamia walishwe katika mali ya aliyekimbia. Asipokuwa na mali, kadhi amkopee. Na anaweza kuuza baadhi yao kwa kadiri ya chakula chao, au kumpa ruhusa yule mkodi agharimie kwa fedha yake kisha adai. Mkodi hakuambiwa awaache wafe kwa kuwa mwenyewe amemtoroka.

Huku kwetu Bara kadhi hana nguvu ya serikali kama walivyo makadhi wa Unguja na wa Kenya. Basi chukua mashahidi: imamu wa msikiti wako, au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na jirani mwadilifu. Andika idadi ya wanyama, na bei ya pumba na chenga, siku kwa siku. Ukilisha pasina mashahidi, hesabu hiyo ni sadaka, usiidai. Mwenyewe asipopatikana, na chakula kikakaribia kuila thamani ya mnyama, muuze kwa bei ya sokoni mbele ya mashahidi, na fedha uiweke.

Ama ile tabia ya mwenye nyumba kuchinja kuku wa mpangaji na kusema, "Nimejilipa kodi yangu," hiyo haifai. Nani aliyethamini? Nani aliyeruhusu? Deni la kodi lina mahali pake, nalo ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mchuzi ule ni mali ya mtu, hata kama mtu huyo ana deni lako. Na mbuzi akiwa na mwana, usimkame maziwa yamdhuruyo mwanawe. Hayo yamekatazwa hata mwenyewe, seuze wewe.

Serikali nayo ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama, nambari 19 ya mwaka 2008, na kata zina maofisa mifugo. Asiyeweza kulisha na awaendee mapema, asingoje harufu imwite.

Limebaki la mbwa, kwani wengi wenu mtasema huyo hana hukumu. Ana hukumu. Mbwa wa kulinda nyumba kufugwa kwake kumeruhusiwa, na najisi yake ni ya kuosha mara saba, moja kwa udongo. Kuosha chombo ni kazi ya robo saa. Mtume ametupa khabari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji katika khofu yake, akaishika kwa meno akapanda nayo, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kwetu sisi Mashafii mbwa hauzwi, basi usimtafutie bei. Mfungue mnyororo, mwekee maji, na mwenyewe asiporejea, mpe mwenye haja ya mlinzi. Wallahu aalam.