Je, Anayetoa Bure Anadaiwa Ukweli?

Katika somo la maadili tuliulizwa swali moja: je, kunyamaza ni kusema uongo? Wengi wetu tulijibu upesi kwamba sivyo, kwa sababu asiyetamka neno hawezi kushtakiwa kwa neno. Nami nilijibu hivyo. Likizo iliyofuata nilirudi kijijini kwetu, kando ya Ziwa Victoria upande wa Busia, Uganda, nikalikuta swali lile linaningoja uani.

Ilikuwa mashua ya babu. Aliiunda mwenyewe hapo hapo nyumbani kwa mbao za mvule, urefu wake futi 18, na kwa miaka mingi ilipeleka mihogo na abiria kisiwani Sigulu kwa tanga tu, bila injini. Babu alipoishiwa nguvu ilivutwa nchi kavu, ikakaa juani na mvuani. Mbao zikapasuka, misumari ikaliwa na kutu, na pamba iliyoziba nyufa ikachomoka.

Kwa idhini ya babu, baba alimpata mnunuzi, kijana wa kijiji jirani aliyetaka kujitegemea. Bei waliyokubaliana ingelipa karibu nusu ya karo yangu ya muhula. Siku moja kabla kijana hajaja kuichukua, baba alinipa brashi na kopo la lami, akaniagiza nipake sehemu ya nyuma, mahali ambapo maji ya mvua yalikuwa yametuama. Nilijua kwa nini. Nilipaka.

Jambo hili ni la kale. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma alimwandikia mwanawe kitabu kuhusu wajibu. Humo anaeleza ubishi wa wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater wa Tarso, kwa mfano wa mtu anayeuza nyumba mbovu ambayo kasoro zake anazijua yeye peke yake. Diogenes anamtetea muuzaji: hakumlazimisha mtu kununua, na mnunuzi ana akili zake. Antipater anajibu kwamba kumwacha mwenzako aingie hasarani kwa kutojua, ilhali wewe unajua, ni sawa na kumwona aliyepotea njia ukakataa kumwelekeza. Cicero mwenyewe anaamua kwamba muuzaji hakupaswa kuficha.

Hata hivyo, hoja ya Diogenes si ya kupuuzwa. Sokoni tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kila mnunuzi anatarajiwa kufungua macho. Lakini hoja hiyo yote inategemea jicho la mnunuzi, na lami yangu ilipakwa ili kulifumba jicho hilo. Tena, mashua haimbebi mnunuzi peke yake. Mama atakayepanda na mtoto mgongoni hakukagua mbao wala hakuwapo wakati wa mapatano.

Kijana alipofika, babu aliomba aletewe kiti karibu na mashua. Alinipa kisu chake akasema, "Mjukuu wangu, dunga pale ulipopaka jana." Kisu kiliingia hadi mpini. Baba aliinamisha uso. Kijana alikitazama kisu kwa muda, kisha akasema taratibu, "Mzee, nikiongeza na gharama ya fundi, bei ile sitaiweza." Babu akamjibu, "Basi ichukue. Sitaki kitu."

Jioni baba alikasirika, na maneno yake ndiyo yaliyonifanya niandike insha hii. "Mzee, kama ulitaka kuitoa bure, ungeitoa bila kuiumbua. Mtu wa kupewa hana haki ya kuuliza."

Wengi wetu tunafikiri kama baba. Tunaamini kwamba deni la ukweli linatokana na fedha: ukilipwa unadaiwa, usipolipwa hudaiwi. Mimi naona ni kinyume. Mnunuzi anaweza kugonga mbao, kuchutama chini ya mashua, kuuliza, kupunguza bei au kwenda zake. Anayepewa zawadi hana hata moja kati ya hayo. Akiikagua, ataonekana hana adabu. Akiikataa, amemdharau mtoaji. Akilalamika baadaye, atachekwa. Adabu yenyewe imemfunga mikono. Kwa hiyo mtoaji ndiye anayepaswa kuikagua kwa niaba yake.

Sisemi kwamba mtoaji anadaiwa matengenezo. Anadaiwa kile anachokijua. Babu alimtajia kijana yote: mbao tatu za nyuma zimeoza, misumari ya upande wa kushoto yote ing'olewe, mkuku, ule mti wa chini unaoshikilia kila kitu, ni mzima, tanga limetobolewa na panya. Alimweleza pia kwamba asiichukue akidhani ataivulia samaki, maana sheria ya Uganda inataka mtumbwi wa uvuvi katika ziwa hili ufikie futi 28. Baada ya hapo hakumwekea sharti lolote. Hakumkataza kuiuza, kuifunga injini, wala kuibadilisha umbo. Nadhani hilo nalo ni sehemu ya ukweli, kwa sababu anayetoa kwa masharti ametoa chombo na kubaki na usukani.

Lakini wema ule ulikuwa na gharama, na babu siye aliyeilipa. Baba aliuza mbuzi wawili, nami nilichelewa kujisajili kwa wiki tatu. Je, babu alikuwa na haki ya kuwa mwema kwa karo yangu? Kusema ukweli ulikuwa wajibu wake; kusamehe bei yote lilikuwa chaguo lake, na juu ya hilo baba ana haki ya kunung'unika. Mambo hayo mawili tusiyachanganye. Kama angepokea bei ndogo ya haki, ningemheshimu vilevile. Kama angeninyamazia na lami yangu, ningesoma muhula mzima kwa fedha ambazo kila upepo ukivuma usiku ningezikumbuka.

Nilipita kwa kijana yule mwezi wa Desemba. Mashua imepinduliwa juu ya magogo. Amekwisha badilisha mbao mbili, na ya tatu anangoja apate mvule uliokauka vizuri. Alinionyesha tundu la kisu. Alisema hakuliziba kwa makusudi, ili fundi akija ajue pa kuanzia.