Presha Haina Namba Moja

Kuna mchezo nimeutazama barazani miaka nenda miaka rudi. Wachezaji hubadilika, mchezo ni uleule. Mzee wa miaka sitini na kitu anarudi kutoka kliniki, kadi mfukoni, uso mkunjufu. "Presha yangu imeshuka!" Kahawa haijafika, keshaagiza mishikaki, na chumvi juu yake. Unamwomba kadi. Mwaka juzi ilisoma 160 kwa 92. Leo 168 kwa 70. Kilichoshuka ni namba ya chini peke yake.

Simlaumu. Foleni ya kliniki imefika getini, nani wa kumkalisha chini amweleze?

Wanangu, namba hizo husomwa pamoja. Ya juu ni msukumo wa damu moyo unapopiga, ya chini ni moyo unapotulia. Mshipa mkuu utokao moyoni ukiwa bado laini hutanuka kupokea damu, kisha hujirudi polepole na kuisukuma mbele wakati moyo umetulia, na ndiyo maana namba ya chini haiporomoki. Ukikakamaa, hautanuki vizuri wala haujirudi. Ya juu hupanda, ya chini hushuka. Sasa toa ya chini kwenye ya juu: mzee wetu amebaki na 98. Kwa umri wake, tofauti ikifika 60 madaktari huanza kushuku kwamba mishipa imekakamaa.

Wataalamu wana kipimo chao. Hupima mapigo shingoni na kwenye kinena, wakajua mdundo unasafiri kwa kasi gani kati ya hapo na hapo, maana kwenye mshipa mgumu mdundo hukimbia zaidi. Ukizidi mita 10 kwa sekunde, mshipa umeshaumia. Mashine hiyo si kila hospitali inayo, lakini watafiti wameona kwamba umri na wastani wa presha peke yake hutoa makadirio yasiyo mbali sana na kipimo chenyewe. Yaani nusu ya utabiri mnayo kabatini, kwenye kadi iliyoviringishwa pamoja na risiti za umeme.

Tatizo letu ni kungoja maumivu, na mshipa haulalamiki. Dawa humezwa mwezi wa kwanza kwa nidhamu ya askari. Kichwa kikitulia, vidonge vinasahaulika. Ni ubinadamu, nani apendaye kumeza dawa akiwa mzima? Lakini deni halilali. Mdundo ambao mshipa mkuu ungeupoza unafika na ukali wake kwenye mishipa midogo ya figo na ubongo. Moyo nao, kwa kusukuma dhidi ya ukuta mgumu, unanenepa misuli. Halafu siku moja mdomo umekwenda upande, na watoto wanauza kiwanja.

Samaki mkunje angali mbichi, twawaambia wenye watoto, na mshipa nao ndivyo. Nyuzi zake za kunyumbuka hutengenezwa zaidi utotoni. Zikichakaa, mwili huziba pengo kwa nyuzi ngumu. Kwa hiyo wewe wa miaka 35 mwenye 150 kwa 95, unayejiona kijana, ndiye mwenye cha kuokoa. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na ng'onda wa jana yumo kwenye hesabu.

Leo jioni toeni kadi zenu, mpige hesabu ya kutoa. Tofauti ikifika 60, mpelekeeni daktari kadi hiyo, wala msiguse dozi hata kwa kidonge kimoja kabla hajawaambia.