Talanta Si Kipaji



Kijana akiimba vizuri kwaya, au akicheza mpira kwa ustadi, twasema ana talanta. Ndivyo Waingereza walitumiavyo neno lao "talent", nasi tumewafuata. Lakini maana hiyo ilikuja baadaye. Kwa Wayunani, neno hilo lilikuwa la mizani, kisha la uzito, kisha la fedha yenye uzito huo. Lilipata maana ya kipaji kutokana na mfano wa Bwana wetu katika Mathayo 25, baada ya Wakristo kuufafanua kwa karne nyingi.

Basi na tuurudie mfano wenyewe. Katika aya ya 15 mna mambo mawili, si moja. Bwana aligawa talanta kwa kadiri ya uwezo wa kila mtumwa. Uwezo walikuwa nao tayari. Talanta ilikuwa mali ya bwana, nao waliwekewa amana tu.

Je, aliyepewa moja alipewa kidogo? Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja, tusomavyo katika Mathayo 20, ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Mtu akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, huo ni ujira wa miaka 20! Hakuna mtumwa aliyetoka mikono mitupu.

Ndugu zangu, hapa ndipo neno hili linapotugusa. Akitafutwa mtu wa kufundisha watoto Jumapili, wa kukesha na mgonjwa, au wa kumsomea Maandiko mzee asiyeona, twajibu, "Mimi sina talanta hiyo." Kama talanta ni kipaji, jibu hilo lafanana na unyenyekevu. Kama talanta ni amana, basi ni jembe la kuchimbia shimo.

Katika miaka yangu ya kufundisha walimu, niliwaona wengine wenye maneno matamu, na wengine wasio na mvuto wowote. Baadhi ya hao wa pili waliingia darasani kila siku somo likiwa limetayarishwa na madaftari yamesahihishwa, na watoto wao walijua kusoma. Hawakungoja wawe hodari kwanza.

Tazameni tena aya ya 21 na ya 23. Aliyeleta faida ya talanta tano na aliyeleta ya mbili walisifiwa kwa maneno yale yale. Bwana alisifu uaminifu wao. Na yule wa tatu hakuhukumiwa kwa kupata hasara, maana fedha aliirudisha kamili. Alihukumiwa kwa kuwa aliogopa, akakaa bure.

Basi kila mmoja wetu na ajiulize juma hili: Injili niliyohubiriwa, watoto niliopewa kulea, jirani aliye mlangoni pangu, ni amana ya nani? Naye mwenyewe atakaporudi, nitamwonyesha nini?

Bwana atuondolee hofu, atupe mikono yenye kazi. Amina.