Zawadi ya Sikukuu na Vazi Lake

Kila sikukuu inapokaribia, maduka ya miji yetu hujaa karatasi za kung'aa, riboni za nailoni na mifuko yenye nakshi za dhahabu, na watu huzinunua ili kufungia zawadi watakazowapelekea jamaa na marafiki. Ndugu zetu wengi walioingia katika Uislamu karibuni, ambao walilelewa katika nyumba zilizosherehekea Krismasi, huuliza swali lenye maana: Je, yafaa Mwislamu kufunga zawadi ya Idi kwa namna hiyo, au kufanya hivyo ni kuiga ibada ya watu wengine? Wengine huuliza kinyume chake: Je, zawadi isiyofungwa vizuri si dharau kwa yule anayepewa? Maswali haya mawili yana jibu moja, na jibu hilo linagusa jambo kubwa kuliko karatasi.

Kwanza ifahamike kwamba karatasi ya nakshi si sehemu ya ibada ya mtu yeyote. Haimo katika Injili, wala Wakristo wa karne za mwanzo hawakuijua. Habari yake ni habari ya biashara. Katika Desemba ya mwaka 1917, ndugu wa ukoo wa Hall, waliokuwa na duka katika mji wa Kansas City huko Marekani, waliishiwa na karatasi nyepesi za rangi moja ambazo watu walizoea kufungia zawadi. Wakaleta mbele karatasi nzito za nakshi zilizotoka Ufaransa, ambazo kazi yake halisi ilikuwa kutiwa ndani ya bahasha kama bitana, wakaziuza senti 10 kila moja. Zikaisha upesi. Baada ya muda mfupi wakaanza kuchapa zao wenyewe, na kampuni yao, Hallmark, ikajulikana mbali kwa biashara hiyo. Basi anayeogopa kwamba karatasi itamtoa katika dini na atulie moyo, na anayedhani kwamba bila karatasi hiyo sikukuu haikamiliki naye atulie vile vile. Jambo la kuangalia ni kipimo.

Kipimo hicho tunakipata katika Kurani Tukufu, Sura Bani Israil, kuanzia aya ya 27 kwa hesabu inayoanza na Bismillahi. Hapo Mwenyezi Mungu anaamuru kwamba jamaa apewe haki yake, na maskini, na msafiri. Na papo hapo, kabla amri ya kutoa haijatua, anakataza ubadhirifu. Msomaji na apatazame mahali hapa kwa makini. Mtu angetazamia kwamba onyo juu ya ubadhirifu lingetolewa kwa walevi na wacheza kamari. Lakini limewekwa katika habari za watu wanaotoa, kwa sababu anayetoa naye aweza kufuja. Aweza kufungua mkono kwa ajili ya jamaa yake, na nusu ya kilichotoka mkononi ikaanguka njiani isimfikie jamaa huyo.

Neno ubadhirifu limetujia kutoka Kiarabu, na shina lake ni kutawanya mbegu. Mkulima mwenye akili hutawanya mbegu juu ya shamba lililolimwa. Mbadhirifu huzitawanya juu ya mwamba na barabarani. Mbegu ni ile ile, mkono ni ule ule, ila mazao hakuna. Kisha aya inayofuata inawataja wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani, na inaeleza kwamba shetani ni mwenye kumkufuru Mola wake. Hapa tena lugha ya Kiarabu inatufungulia mlango, maana shina la neno kufuru ni kufunika. Hata mkulima ameitwa kwa jina la shina hilo katika Sura Al-Hadid, kwa kuwa huifunika mbegu kwa udongo. Kukufuru neema ni kuifunika hata isionekane. Na kushukuru, kama walivyoeleza wanazuoni wa lugha, ni kuifunua na kuidhihirisha. Simsemi mtu aliyenunua karatasi ya zawadi kuwa amekufuru! Nasema tu kwamba kuna namna ya kufunika inayoiheshimu neema, na kuna namna ya kufunika inayoizika.

Na inavyozikwa twaiona. Mtoto aletewa kitu cha shilingi elfu tano ndani ya sanduku kubwa, karatasi, riboni na ua la plastiki, ambavyo kwa jumla vimegharimu shilingi elfu tatu. Kwa dakika moja kila kitu kimeraruliwa, na kilichobaki sakafuni hakimfai mtoto, wala maskini, wala mbuzi. Lakini hasara ya fedha si kubwa kama hasara ya pili. Hutokea kwamba mjane mwenye kuku watatu apenda kumpelekea jirani yake mayai sita asubuhi ya Idi. Zamani angeyatia katika bakuli, akafunika kwa kawa, akaenda. Lakini mwaka uliopita aliona kwa jirani huyo zawadi zimepangwa mezani, zote zimevikwa dhahabu na fedha, basi mwaka huu aona haya, akabaki nyumbani na mayai yake. Hakuna aliyemkataza, wala aliyemtukana. Karatasi imemfungia mlango. Tukiacha mazoea haya yakue, kupeana zawadi kutakuwa kazi ya wenye nacho peke yao, na maskini watakuwa watu wa kupokea tu, siku zote mkono wao uko chini.

Mtume Muhammad s.a.w. aliuziba mlango huu tangu mwanzo. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba aliwausia wanawake wa Kiislamu wasiione ndogo zawadi ya jirani kwa jirani, akatoa mfano wa ukwato wa kondoo. Ukwato ni mahali ambapo nyama ni haba kabisa. Wanazuoni wameeleza kwamba wasia huu unawahusu wote wawili: anayetoa asiache kutoa kwa sababu kitu ni kidogo, na anayepokea asikidharau. Na aliyemwona mtu akivika ukwato wa kondoo karatasi ya dhahabu na atuambie.

Hata hivyo Uislamu haukufundisha uchafu wala uzembe. Sura Al-Furqan inawasifu waja wa Rahmani kuwa, watoapo, hawapiti kiasi wala hawafanyi ubahili, bali hukaa katikati. Kumtupia mtu zawadi kama mtu atupaye mfupa si unyenyekevu. Kufunika kitu kuna adabu yake: huzuia vumbi na nzi, huficha zawadi isije ikamtia wivu mpita njia, na humpa mpokeaji furaha ya kufungua. Basi twahitaji kifuniko chenye heshima ambacho hakiishii jaani.

Watu wa pwani yetu walikuwa nacho zamani. Jirani akileta sahani ya futari au ya pilau iliyofunikwa, sahani hiyo hairudishwi tupu. Hutiwa chochote kilichopo, vitumbua viwili, maembe, hata chumvi. Tutafakari kazi ya sahani hiyo. Karatasi huraruliwa na mambo yamekwisha, lakini sahani yamlazimu mtu arudi. Kwa chombo kimoja watu wawili wametembeleana mara mbili, na pengine mara ya tatu, kwa kuwa anayerudishiwa naye huona deni. Hakuna duka linaloweza kuuza karatasi yenye nguvu hiyo.

Wala si sisi peke yetu. Wajapani, ambao wengi wao hawakusoma Kurani, wana kitambaa cha mraba kiitwacho furoshiki. Jina hilo maana yake ni kitandiko cha bafuni, kwa sababu katika mabafu ya umma watu walikitandika na kufungia nguo zao ndani yake. Baadaye kikawa cha kubebea bidhaa na zawadi. Adabu yao ni kwamba mgeni huifungua zawadi mbele ya mwenyeji, humkabidhi, kisha hurudi nyumbani na kitambaa chake kwa kazi nyingine. Wana pia neno mottainai, ambalo husemwa kwa masikitiko kitu chema kinapopotezwa bure. Marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alilisikia neno hilo alipozuru Japani mwaka 2005, likampendeza hata akalieneza katika mikutano ya mataifa. Mwaka uliofuata, Bibi Yuriko Koike, aliyekuwa Waziri wa Mazingira wa Japani, alitoa furoshiki iliyofumwa kwa nyuzi za chupa za plastiki zilizokwisha tumika, akaiita kwa neno hilo hilo, ili watu wake waikumbuke desturi waliyokuwa wakiisahau kwa ajili ya mifuko ya plastiki. Mwanamke wa Kiafrika alikwenda mbali akaliona jambo jema, akalichukua. Mtume s.a.w. alifundisha kwamba hekima ni mali iliyompotea mwenye imani. Popote aikutapo ana haki nayo.

Nasi tunayo kanga. Huuzwa doti, yaani vipande viwili, na kila kipande chapata kama mita moja na nusu kwa urefu na mita moja au zaidi kidogo kwa upana. Zawadi ikifungwa ndani ya kanga, kifuniko chenyewe ni zawadi, na hakuna hata uzi mmoja uliopotea. Lakini hapa yafaa kutahadhari. Kanga ina maneno, na maneno ya kanga yamewahi kugombanisha majirani. Atakayefunga zawadi ya Idi katika kanga na ayasome kwanza, kwa maana Sura Al-Baqarah inafundisha kwamba sadaka hubatilika kwa masimango na maudhi. Kumpelekea wifi zawadi iliyofungwa kwa kijembe ni kuijenga nyumba kwa mkono mmoja na kuibomoa kwa mwingine.

Asiyeweza kutoa kanga na akate kitambaa cha mraba kutoka kwa kitenge kilichochakaa sehemu moja, au shuka, au mabaki ya fundi cherehani, akipinde ukingo. Kipimo chepesi ni hiki: kitambaa kikipimwa kutoka pembe hadi pembe, kiwe kama mara tatu ya urefu wa kitu. Kitambaa cha sentimita 70 kila upande chapata karibu sentimita 99 kwa mshazari, basi chatosha sanduku au kitabu cha sentimita 33. Weka kitu katikati, kikiwa mshazari. Funika kwa pembe mbili zinazokabiliana, kisha zifunge zile mbili zilizobaki juu yake. Fundo liwe kulia juu ya kushoto, halafu kushoto juu ya kulia. Likifungwa upande mmoja mara mbili hupinda na kulegea njiani. Pini haihitajiki, wala gundi. Kishada cha asumini au kijiti cha mrehani kikichomekwa katika fundo kitanukia vizuri kuliko ua la plastiki.

Vitu vya kumiminika na vya unga vitiwe katika chupa za kioo zilizooshwa au makopo ya biskuti. Matunda na vyakula vikavu, katika vikapu vya ukili, ambavyo humfaa mpokeaji sokoni mwaka mzima. Vikapu hivi vina faida zaidi leo, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Nyama ya Idi kubwa ipelekwe katika bakuli lenye kifuniko. Na tukumbuke Sura Al-Hajj inafundisha nini juu ya nyama hiyo: kwamba kinachomfikia Mwenyezi Mungu si nyama wala damu, bali ni ucha-Mungu wa mwenye kutoa. Ikiwa nyama yenyewe haimfikii, karatasi yake itamfikia vipi?

Mwenye karatasi za kung'aa nyumbani asizitupe kwa jazba. Atakayetupa kitu kizima ili aonekane mkinaifu amefuja mara ya pili. Azifungue taratibu, azikunje, azitumie tena mpaka zichakae. Akitaka kujua kama ni karatasi halisi, na afinyange kipande kiganjani: kikibaki kimejikunja, ni karatasi, kikifumuka chenyewe, kina plastiki ndani yake, na kisichomwe moto uani penye watoto, kwa kuwa moshi wake una madhara. Badala ya utepe wa gundi, ambao huirarua karatasi wakati wa kubandua, uzi wa katani watosha, nao hufunguliwa na kufungwa tena.

Kalenda za ukutani za mwaka uliopita zina karatasi nzito na picha nzuri, nazo hufaa sana kwa vitabu vya watoto. Magazeti nayo hufaa, ila kwa masharti mawili. Wino wake usigusane na halua, maandazi au chakula chochote. Na kwa kuwa magazeti mengi, na hasa majarida ya dini kama hili ulilolishika mkononi, huchapwa majina ya Mwenyezi Mungu na aya Zake, ambazo haifai zikanyagwe sakafuni siku ya Idi, kila ukurasa usomwe pande zote mbili kabla ya kukatwa.